Majirani wa Rau, Moshi: kile kiwanja cha bondeni

Mama Neema, 19:42
Shikamooni wakubwa. Dalali katupia tangazo tena: kiwanja cha mita 20 kwa 70, kinagusa mto, bei ya kutupa. Kuna wanaotaka kutoa arabuni kesho. Mnasemaje?

Baba Glory, 19:47
Marahaba. Wapime kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja kinaingia mita 70, ukitoa 60 unabaki na 10. Kati ya mita za mraba 1,400 utajenga kwenye 200, na hapo hujaacha nafasi ya jirani wala ya barabara. Ndiyo maana ni bei ya kutupa.

Mama Neema, 19:49
Anasema kina bikoni.

Baba Glory, 19:52
Bikoni inaonyesha mpaka, haitoi ruhusa ya kujenga. Waende halmashauri wakaone kwenye ramani ya mipangomiji kama pale ni makazi au eneo la wazi. Na futi kamba ianzie kwenye ukingo, si pale maji yalipo Septemba. Hapo ndipo madalali wanapochezea.

Baba Junior, 19:53
Aisee, hizo si habari za Ziwa Natron na mambo ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu?

Baba Glory, 19:55
Natron iliingia Ramsar 2001, hilo lina mkataba wake. Mita 60 haziulizi mto una jina gani. Mkibishana, Bodi ya Maji Bonde la Pangani ofisi iko hapa hapa Moshi.

Anko Fundi, 20:03
Mimi naongezea ya ardhini. Muuzaji anaweza kufyeka matete na mafunjo kabla hamjafika, lakini udongo hawezi kuuficha. Chimbeni mita moja hivi. Mkikuta udongo wa kijivu wenye madoadoa ya kutu, maji hutuama pale muda mrefu hata kama leo pamekauka. Hewa haiingii, chuma cha kwenye udongo kinapoteza rangi, kisha kinashika kutu pale mizizi ilipopitisha hewa.
Halafu endeleeni mpaka mita mbili na nusu, funikeni shimo lilale, asubuhi mpime maji yamesimama wapi. Mwezi huu wa tano ndio wenyewe, kiangazi kitawadanganya. Kitako cha shimo la majitaka kinatakiwa kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Maji yakisimama mita moja kutoka juu, shimo la kunyonya halifai: choo kitarudi ndani masika, na uchafu utaingia visimani. Itabidi tangi lisilovuja na gari la kunyonya kila mara.

Baba Junior, 20:06
Si anajaza kifusi tu?

Anko Fundi, 20:10
Piga hesabu. Kunyanyua kipande tu cha 20 kwa 40 kwa mita moja ni mita za ujazo 800. Lori la mita za ujazo 5 ni safari 160, na kikishindiliwa kinashuka, unaongeza. Maji uliyoyafukuza hayapotei, yanaingia kwa jirani wa chini.

Dada Happy, 20:14
Na wengine wanachimba mtaro kukausha. Huo ni mbaya zaidi, jamani. Msitu wa Rau unaishi kwa maji ya ardhini, ile miti mikubwa ya msoo haitegemei mvua peke yake. Ukishusha maji bondeni, miti inakauka kuanzia kileleni. Mbega nao hawapendi kushuka chini. Ukikata miti na kuacha pengo kati ya matawi, wanavuka ardhini na mbwa wanawamaliza, au wanapita kwenye nyaya tupu za umeme. Diani kule Kenya wanawafungia madaraja ya kamba juu ya barabara, lakini mti uliobaki ni rahisi kuliko kamba.

Mama Neema, 20:16
Sasa watu wajenge wapi? Vijana wanaoa kila siku.

Baba Glory, 20:21
Juu, na kwa kubanana. Wenye mashamba huku wakipima kwa pamoja, wakate 20 kwa 20 upande wa mwinuko, bonde libaki eneo la wazi kwenye ramani. Kila mtu akipima lake, kila mmoja anatoa kipande kinachogusa mto.

Dada Happy, 20:23
Na hilo bonde msipande mikaratusi, inakunywa maji. Mikuyu na mringaringa vinatosha.

Mama Neema, 20:25
Haya. Nawaambia wasitoe hela, wamwombe muuzaji ruhusa ya kuchimba. Nani ana sululu?

Anko Fundi, 20:26
Ninayo. Waje na ndoo pia.