Kichecheni, lugha ya Wachecheni wa kusini mwa Urusi, kifundishwe kwa lazima, au mzazi achague?

Kisima: Tangu 2018 sheria ya Urusi imeyafanya masomo ya lugha za jamhuri zake kuwa ya hiari, yakitegemea maombi ya mzazi. Hata ndani ya Chechnya, mojawapo ya jamhuri hizo, shule nyingi hufundisha kwa Kirusi, na Kichecheni ni kipindi tu. Naona kiwe lazima, kwa kuwa wasemaji zaidi ya milioni moja si kinga iwapo watoto wao hawajui kukisoma wala kukiandika.

Baba Zuhura: Hilo neno "lazima" limenikera. Mtihani wa kuingia chuo kikuu ni wa Kirusi. Nani amlaumu mzazi anayetazama riziki ya mwanawe? Isitoshe, lugha iliyobadilishiwa hati kila mara, Kiarabu, Kilatini, kisha Kisirili (herufi za Kirusi), itabeba somo kama fizikia lini?

Nahodha: Ndugu Baba Zuhura, la hati ungeliacha. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya Kilatini, na hakuna anayekiona dhaifu kwa ajili hiyo. Wachecheni hawakuwa vigeugeu: Kilatini cha miaka ya 1920 na Kisirili cha 1938 vililetwa na utawala wa Kisovieti. Tena lugha yao ina ngeli kama yetu: kwa mwanamume husema "vu", kwa mwanamke "yu", na majina mengine huchukua "du" au "bu". Lugha yenye mpangilio huo inashindwaje na fizikia?

Baba Zuhura: Sikusema ni dhaifu, usinilishe maneno. Ngeli hazimpi kijana kazi Grozny, mji mkuu wa Chechnya. Wachecheni wa Jordan, ambao wazee wao walihamia huko mwanzoni mwa karne ya 20, wamekitunza majumbani mwao bila sheria ya kuwalazimisha.

Kisima: Wa Jordan hawakupakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Tarehe 23 Februari 1944 Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alianza kuwahamisha kwa nguvu Wachecheni na jirani zao Waingushi, karibu nusu milioni, hadi Kazakhstan na Kirgizia (leo Kirgizistan). Hawakuruhusiwa kurejea hadi 1957, na miaka yote hiyo watoto hawakuwa na shule ya lugha yao. Unawezaje kuuita uamuzi wa wajukuu wao hiari?

Baba Zuhura: Basi deni hilo idaiwe Moscow, asibebeshwe mzazi. Na walimu wa fizikia kwa Kichecheni watatoka wapi? Hilo hamjalijibu.