Mrejesho: Kuwashawishi watu wangu waangalie Brokeback Mountain

Habari zenu wakuu. Niliuliza namna ya kuwashawishi ndugu na marafiki waliogoma kuangalia filamu ya Brokeback Mountain, kisa ni mapenzi ya wanaume wawili. Asanteni wote, hata mlionitania.

Uliofanya kazi ni ushauri wa yule aliyesema nisiwafiche inahusu nini, ila nianze na kitu wanachokipenda. Dada yangu hana habari na filamu za mapenzi, lakini akisikia tuzo tu anakaa. Nikamwambia Ang Lee alichukua Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu hii mwaka 2006. Rafiki yangu mpenda farasi na milima nilimwonyesha vipande vya mwanzo, wachunga kondoo wa Wyoming mwaka 1963. Wakakubali.

Mjomba alikuja kwa sharti: akichoka anaondoka. Lilipofika tukio la hemani, wale wachungaji wawili, Ennis na Jack, wanapolala pamoja, akainuka, akasimama mlangoni na simu yake. Nikamwacha. (Uliyeshauri nisibishane na mtu katikati ya filamu, ubarikiwe.) Alma, mke wa Ennis, alipowaona Ennis na Jack wakibusiana nje, mjomba akarudi kukaa. "Huyu mwanamke kaonewa," akasema, na akabaki hadi mwisho. Kuhusu hao wawili hakusema neno, nami sikumchokonoa.

Kilichofeli ni kumtumia mtu maelezo marefu kabla. Shemeji aliyasoma yote, akasema sasa anaijua hadithi, aangalie ya nini? Kwake nimenyoosha mikono. Dada ameshaniomba nyingine.