Gofu Dodoma: tuanze na uwanja wa nyasi au tuanze na kufundisha watu?

MWANZISHA MADA (Area C)

Wakuu, habari za leo. Tangu Serikali ihamie huku 2016 na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji 2018, kila inapozungumzwa mipango ya mji hakosekani wa kusema: makao makuu ya nchi bila uwanja wa gofu wa maana, mabalozi wakija wacheze wapi? Na hakosekani wa kumjibu: maji yenyewe ya mgawo, hizo nyasi mtazimwagilia nini?

Mimi gofu nacheza (vibaya, lakini nacheza), na naona wote wawili wameanzia mkiani. Cha kwanza kwa Dodoma si uwanja kamili wa mashimo 18. Ni mafunzo: ya watoto wa shule, ya kina mama, ya vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ya wastaafu waliojaa mji huu. Yafanyike kwenye viwanja vya vumbi tulivyonavyo. Uwanja wa nyasi usubiri wa kuucheza wapatikane.

Angalieni gofu ilipo nchini: Gymkhana ya Dar es Salaam, Lugalo ya jeshi, Gymkhana ya Arusha, Moshi, Morogoro, Mufindi kwenye mashamba ya chai. Mtanzania aliyejifunzia huko, mara nyingi ama mzazi wake ni mwanachama, ama alikuwa kedi, yaani alibeba mfuko wa fimbo wa mwanachama. Mlango wa tatu ni mwembamba sana. Tukijenga uwanja hapa kabla ya kuupanua mlango huo, tutakuwa tumewahamishia wachezaji wale wale wapate pa kuchezea wakija vikao vya Bunge.

Na kufundisha gofu si lazima uwanja mkubwa. Mtoto anaanzia shimoni, anarudi nyuma. Unachimba shimo la milimita 108, ndicho kipimo chake dunia nzima, unamweka mtoto hatua moja, anausukuma mpira mpaka uingie. Akizoea, hatua tatu. Akizoea, hatua kumi. Kupiga mbali kunakuja mwishoni. Wengi tulifundishwa kinyume, tukapewa fimbo ndefu siku ya kwanza, tukarudi nyumbani na maumivu ya mgongo na hasira.

Haya, karibuni. Naomba hoja, si "huo ni mchezo wa matajiri" halafu mtu anaondoka.

WA NZUGUNI

Mkuu, nitasema ni mchezo wa matajiri na siondoki.

Mpango wako ni mzuri kwenye maandishi. Nauogopa mwisho wake. Leo mafunzo ya watoto, picha zinapigwa, wamevaa kofia nyeupe. Mwakani "wachezaji wameongezeka, sasa tunahitaji uwanja". Mwaka wa tatu wapimaji wameshafika kwenye mashamba ya watu na mambo yao. Uwanja kamili ni hekta 50 au 60, wewe unajua. Mji huu ulikuwa na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, tangu 1973 mpaka ilipovunjwa 2017, na migogoro ya viwanja haikuzikwa nayo. Watu wana barua, wana kesi, wana wazee waliokufa wakifuatilia fidia. Hapo ndipo unakuja na mchezo wa kutembea na mfuko wa fimbo?

Sensa ya 2022 ilitukuta watu 765,179 katika jiji hili. Niambie ni wangapi wamewahi kushika fimbo ya gofu. Na wangapi wana uwanja wa mpira wa miguu wenye magoli mawili yaliyosimama.

FUNDI WA UMWAGILIAJI (Kisasa)

Mimi siingii kwenye utajiri na umaskini, naleta hesabu tu. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Kiangazi chetu, na ule upepo wa Julai na Agosti, nyasi za kuchezea zitataka kama milimita 5 kwa siku. Tuseme hukumwagilia uwanja wote, umechukua hekta 25 tu. Hiyo ni lita 1,250,000 kila siku. Mvua yetu kwa mwaka haifiki sana zaidi ya milimita 600, na yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Hizo lita zitatoka visima vya Mzakwe ambavyo mji mzima unavitegemea.

Kuna wanaosema tutumie maji ya mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Kitaalamu inawezekana, viwanja vingi duniani vinafanya hivyo. Lakini maji hayo yakisafishwa vizuri yatakuwa na foleni ya wanaoyataka, na bustani za mboga zitakuwa mbele ya gofu.

MWANZISHA MADA

Fundi, nakushukuru, umenisaidia kuliko ulivyodhani. Ndiyo maana nasema tuanze bila nyasi.

Watu wanadhani gofu bila kijani si gofu. Uwanja namba 2 wa Pinehurst, North Carolina, Marekani, ambao ubingwa wa wazi wa nchi hiyo umechezwa juu yake mara kadhaa, hivi karibuni 2024, sehemu zake za mashimo zilikuwa mchanga mtupu mpaka 1935. Walibadilisha baadaye, mchezo ulikuwa umeshaota mizizi. Coober Pedy huko Australia, mji wa jangwani wa wachimba madini, mpaka leo uwanja ni vumbi. Mchezaji anatembea na kipande cha nyasi bandia, anakiweka chini, anaweka mpira juu, anapiga, anakiokota, anaendelea. Kwenye mashimo wameweka mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, ukishapita juu yake unausawazisha na reki kwa ajili ya anayekufuata. Mbona hali hiyo ni ya kwetu kabisa? Mchanga upo, mafuta machafu ya gereji yapo.

FUNDI WA UMWAGILIAJI

Mafuta machafu ya gereji usiyamwage ardhini, mkuu. Hilo nalo ni suala la maji. Tafuta njia nyingine.

MWANZISHA MADA

Limepokelewa. Udongo wa kichuguu uliochekechwa na kushindiliwa, basi.

KEDI WA ZAMANI (Chang'ombe)

Nimesoma kimya, sasa niseme.

Nimekulia mji mwingine wenye klabu, sitautaja. Nilianza kubeba mifuko nikiwa darasa la sita. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa tawi la mpera lililopinda lenyewe kwenye ncha, tukalichonga likawa na uso. Mipira tuliokota kwenye majani, ile mizuri tukawauzia wenyewe walioipoteza. Jumatatu uwanja ukifungwa kwa wanachama ilikuwa siku yetu. Fimbo moja ya chuma namba 7 watu watano. Wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii wamepitia njia hiyo, na watu wanaisifu. Mimi siisifu. Kwa kila mmoja aliyetoka, wapo ambao walibeba mifuko mpaka magoti yakaisha, na hakuna aliyewahi kuwaambia hata jinsi ya kushika fimbo. Tulijifunza kwa kuiba kwa macho.

Kwa hiyo mwanzisha mada nakuunga mkono kwa nusu. Mafunzo ndiyo. Ila yawe mafunzo kweli. Ngoja nieleze kidogo, maana naona wengi hapa wanafikiri ni kugawa fimbo na kupiga picha.

Mgeni yeyote, mtoto au mzee, akisimama mbele ya mpira anataka kuuchota ili upae juu. Matokeo yake anachimba udongo nyuma ya mpira, au anaugonga kichwani unakimbia chini kama panya. Unamfundisha jambo moja: mpira unapandishwa na uso wa fimbo uliolala, kazi yako ni kupiga kwenda chini na mbele. Hilo peke yake ni wiki nzima. Kushika: fimbo ikae kwenye vidole, si kiganjani, na usiikamue. Mtoto anaikamua kwa sababu anaogopa itamtoka. Mzee anaikamua kwa sababu ameshika jembe miaka 40. Dawa zao si moja. Mtoto unampa mchezo, mduara chini na pointi, anasahau woga. Mzee unamfupishia mzunguko, fimbo isipite bega, unamfungua miguu kidogo ili kiuno kisibebe kila kitu. Mwalimu anayewafundisha wote maneno yale yale hajui kazi.

Na usalama. Mpira wa gofu ni mgumu, una karibu gramu 46, ukimpata mtoto usoni umempoteza jicho. Wote wanasimama mstari mmoja, wanapiga kuelekea upande mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota mpaka fimbo zote ziwe chini. Nimeona watu wazima wenye magari makubwa hawalijui hili.

Nusu ninayoipinga: usiseme uwanja usubiri. Ukimfundisha mtoto miaka mitatu kwenye vumbi, akawa mzuri, atakwenda wapi? Morogoro? Treni ya SGR ipo tangu 2024, sawa, nauli yake na begi lake nani analipa? Atarudi kwenye bodaboda, na atakuwa amejifunza kutamani kitu asichokipata.

WA NZUGUNI

Kedi, hapo umenigusa. Lakini umeona sasa? Hata wewe umefika kwenye uwanja. Nilisema.

KEDI WA ZAMANI

Nimefika kwenye mashimo sita mafupi, kaka, si hekta 60. Sita, mtu anapiga mita 60 mpaka 100, eneo lake linaingia kwenye hekta mbili na ukoka wetu huu huu, kiangazi unakauka, mvua ikija unafufuka wenyewe. Anayetaka kijani cha mwaka mzima apande ndege.

MAMA WA ILAZO

Mnaongea mashimo na hekta, mimi nauliza saa. Haya mafunzo ya "rika zote" huwa saa ngapi? Kama ni Jumamosi asubuhi, mimi niko sokoni Majengo. Kama ni jioni, napika. Ukiandika kina mama kwenye mpango wako uniambie nani anakaa na mtoto mdogo wakati nafundishwa kushika fimbo kwenye vidole. Wanaume mtajaa, halafu mtasema wanawake hawakujitokeza.

Na wasichana. Binti yangu anamjua kila mchezaji wa Yanga kwa jina. Madina Iddi wa Arusha, anayeshinda mashindano ya gofu nje ya nchi, hajawahi kumsikia. Mtafutieni binti mwalimu mwanamke. Siongezi.

MWALIMU (Kikuyu)

Nafundisha shule ya msingi, michezo niko nayo mimi. Niwaambie ukweli wa shuleni: kinachofundishwa ni kile kilichomo kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na kwa wenzangu wa sekondari ni UMISSETA. Mpira wa miguu, netiboli, wavu, riadha. Gofu haimo. Mwalimu mkuu akiona nimewatoa watoto kuchimba mashimo ya milimita 108 kwenye uwanja wa netiboli, nina maelezo ya kuandika.

Darasa langu moja lina watoto mara nne ya mashimo ya huo uwanja wenu mkubwa. Mstari mmoja, fimbo chini, asiokote mtu. Kedi, nakuheshimu, njoo ujaribu na hao. Ninachoweza ni klabu ya baada ya masomo, watoto 20, mipira ya plastiki kwanza, na mtu anayejua asimame pamoja nami. Mtu huyo alipwe. Nimechoka na wafadhili wanaoleta vifaa, wanaondoka, vifaa vinakaa stoo vikingoja mwenye ufunguo.

MSTAAFU (Miyuji)

Shikamooni wakubwa kama mpo, marahaba wadogo. Daktari kanambia nitembee. Kutembea peke yangu kunachosha akili. Mkiniwekea mashimo sita nitakuja kila siku na wenzangu watatu, na tutausawazisha huo mchanga bure. Mambo ya mabalozi hayatuhusu.

MWANZISHA MADA

Mzee, marahaba ni yako wewe, shikamoo.

Nabadilisha kidogo nilichosema. Kedi ana haki: mashimo sita mafupi yaende pamoja na mafunzo, yasisubiri. Ila nashikilia kwamba eneo libaki la umma, lisimilikiwe na mtu wala klabu. St Andrews huko Uskoti, mahali wanapopaita nyumbani kwa gofu, uwanja wao mkongwe uko kwenye ardhi ya mji, na Jumapili unafungwa kwa gofu, wananchi wanatembeza mbwa na watoto juu yake. Kama wao wameweza, kibao cha "wanachama tu" hapa kinatoka wapi?

Mwalimu, wewe anza na hao 20. Mama wa Ilazo, niambie saa inayokufaa, nasubiri.

MAMA WA ILAZO

Jumapili saa kumi jioni. Na mtoto nakuja naye.

WA NZUGUNI

Uwanja wa hekta 60 bado napinga, nitaandika mpaka vidole viume. Hao watoto 20 wa mwalimu sina neno nao. Mtu akipita na barua ya kutenga eneo Nzuguni, narudi hapa.