Cisco, Huawei, Juniper au MikroTik: swichi ipi haikutoi jasho ukiwa mbali nayo?

Mzigua_Nyaya
Wakuu, heshima zenu. Nina swichi (vifaa vya kuunganisha kompyuta na kamera kwenye mtandao) za kurithi: Huawei S5720 moja hapa Tanga na Cisco Catalyst 2960-X mbili kwenye tawi letu la Lushoto. Mwezi ujao nanunua tatu nyingine, zote za kupanda mlimani, na bosi kasema nichague mwenyewe. Bei nimeshapiga hesabu, hiyo tuiache. Nataka kujua kazi ya kila siku: nikiingia kwa SSH (kuandika amri kutoka mbali kupitia mtandao) kuangalia poti na kuzibadilisha, ipi haina mitego?

Juzi nilikuwa naongeza VLAN 30 (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya kamera kwenye poti inayounganisha tawi na Tanga. Nikaandika hivi:

```
interface gi1/0/49
 switchport trunk allowed vlan 30
```

Nikabonyeza enter, skrini ikaganda. Tawi zima limepotea. Magharibi ikanikuta Mombo, na mlima wote bado uko mbele yangu. Safari ile sitaki kuirudia.

fundi_koili
Pole mkuu. Huo mtego umetumeza wengi. Kwenye IOS, programu ya swichi za Cisco, mstari ule hauongezi VLAN, unafuta orodha yote iliyokuwepo na kuweka yako. VLAN uliyokuwa unapitia wewe mwenyewe ikaondolewa. Ulitakiwa kuandika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Neno moja tu, `add`.

Lakini nikuulize: ulikuwa umehifadhi?

Mzigua_Nyaya
Ningehifadhi vipi wakati nimeshakatika?

fundi_koili
Basi ungempigia simu mlinzi achomoe plagi ya swichi, ahesabu hadi kumi, airudishe. Cisco inawaka na ile startup-config ya zamani, yaani mipangilio iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Dakika kadhaa tawi limerudi, na wewe uko Tanga unakunywa chai.

Mzigua_Nyaya
Nimeumia kusoma hii. Mlinzi alikuwa pale pale, ndiye aliyenifungulia geti saa mbili usiku.

Bi_Konsoli
Mdogo wangu, usijilaumu, sote tumepita huko. Mimi nasimamia Huawei nyingi kuliko Cisco, nikupe upande wangu.

Kwanza kuangalia. `display interface brief` ya Huawei naipenda kuliko `show ip interface brief` ambayo watu wa Cisco wamezoea kuipiga kila mahali hata kwenye swichi isiyo na anwani za IP kwenye poti. Ya Huawei inakupa kwa mkupuo mmoja hali ya poti, asilimia ya matumizi kuingia na kutoka, na idadi ya makosa. Ukiona `*down`, nyota hiyo inamaanisha kuna mtu ameifunga kwa amri. `down` bila nyota, kafuate waya. Na ukiwa ndani ya poti, `display this` inakuonyesha mipangilio ya poti hiyo peke yake.

Pili kubadilisha. `port trunk allow-pass vlan 30` inaongeza, haifuti. Kuondoa ni lazima uandike `undo` kwa makusudi. Kosa lako la juzi usingelifanya kwenye Huawei.

Ila nayo S5720 inashika kila mstari papo hapo kama Cisco, na usipopiga `save`, umeme ukikatika kazi yako imekwenda. Hiyo ya umeme imeniliza zaidi ya mara moja: unamaliza kazi jioni, kila mtu anafurahi, usiku umeme unayumba, asubuhi simu zinaanza.

fundi_koili
Sikatai, dada. Ila mkuu asiishie kwenye `show ip interface brief`. Kwenye swichi ya Cisco amri ni `show interfaces status`. Hebu Mzigua tuwekee mistari michache ya Lushoto tuione.

Mzigua_Nyaya
```
Port     Name     Status     Vlan Duplex Speed
Gi1/0/5           connected  20   a-full a-1000
Gi1/0/6           connected  20   a-full a-1000
Gi1/0/7           connected  30   a-half a-100
```

fundi_koili
Simama hapo kwenye poti ya saba. Ni rekoda ya kamera?

Mzigua_Nyaya
Ndiyo! Na picha zinakatikakatika tangu ifungwe. Umejuaje?

fundi_koili
Hiyo `a-half` ndiyo iliyonishtua. Herufi `a` maana yake swichi imejaribu kupatana yenyewe na kifaa cha upande wa pili. Inaelekea rekoda imefungwa kwa mkono kwenye 100 full, kwa hiyo haijibu mazungumzo. Swichi inaweza kutambua kasi kutokana na mawimbi, lakini haiwezi kutambua kama ni full, basi inashuka kwenye half. Sasa rekoda (full) inasema na kusikiliza kwa pamoja, swichi (half) inasubiri zamu. Piga `show interfaces gi1/0/7` uangalie mstari wa `late collision` (data kugongana kwa kuchelewa). Ukikuta unapanda, usiguse swichi, ingia kwenye rekoda uirudishe kwenye auto.

Na hiyo safu ya `Name` iko tupu kabisa! Weka `description` kwenye kila poti, tafadhali.

JunosMpole
Nimesubiri mmalize. Swali la mkuu ni la umbali, na kwenye umbali Juniper haina mpinzani. Kwenye Junos, programu ya swichi za Juniper, ukiandika mstari, hakuna kinachobadilika. Unaandika kwenye nakala ya pembeni. Mfano huo huo wa kamera:

```
configure
set interfaces ge-0/0/47 unit 0 family ethernet-switching vlan members kamera
show | compare
commit confirmed 5
```

`show | compare` inakuonyesha kwa alama ya kujumlisha na kutoa kile hasa kinachokwenda kubadilika. Ukiona alama ya kutoa ambayo hukuitegemea, unasimama. Halafu `commit confirmed 5` inaanza kufanya kazi, lakini usipothibitisha kwa `commit` nyingine ndani ya dakika 5, swichi inarudi ilikotoka yenyewe. Usipotaja dakika, inakupa 10. Hata wiki ijayo ukigundua uliharibu, kuna `rollback`, inaweka hadi matoleo 50. Na `vlan members` nayo inaongeza, haifuti.

Kuangalia ni `show interfaces terse`, na ukitaka kuona takwimu zikikimbia mbele ya macho yako, `monitor interface ge-0/0/6`.

Bi_Konsoli
Na waambie basi kwamba hesabu inaanza sifuri. Nimewahi kumwelekeza kijana kwa simu, "chomoa poti ya saba," mimi nina maana ya ge-0/0/7, yeye anahesabu kwa kidole kuanzia moja. Tuliizima ofisi ya mhasibu siku ya mishahara.

JunosMpole
Haha, kweli. Soma namba iliyoandikwa, usihesabu. Na nikiri jingine: Junos inapenda kuzimwa kwa adabu, `request system power-off`. Ile dawa ya mlinzi kuchomoa plagi usiizoee hapa, faili zinaweza kuharibika na ukakuta imewaka kutoka kwenye nakala ya akiba. Kwa umeme wetu, UPS (betri ya akiba) ni lazima. Tena kuchomoa hakukusaidii, kwa sababu ukishapiga `commit` ya kawaida imekwishahifadhiwa.

ether1
MikroTik hamjaitaja hata kidogo, na ndiyo iliyojaa mitaani. Ndani ya terminali bonyeza Ctrl+X (au F4 kwenye matoleo mapya) kabla hujaanza, utaona `<SAFE>` kwenye mstari. Ukijikata mwenyewe, ikigundua umepotea inafuta uliyofanya. Kugundua kunaweza kuchukua dakika 9, hivyo usianze kutafuta funguo za gari. Ukimaliza salama, kitufe kile kile tena.

Bila hiyo, kila mstari unahifadhiwa papo hapo, kwa hiyo mlinzi hakusaidii. Mtego wake mkubwa ni kuwasha `vlan-filtering=yes` kwenye bridge (daraja linalounganisha poti zake) kabla hujapanga jedwali la VLAN. Kuangalia poti ni `/interface ethernet monitor ether7`, inakupa kasi na full-duplex moja kwa moja.

fundi_koili
Msiifanye Cisco yatima. Kabla ya kazi ya hatari piga `reload in 10`. Ikikuuliza kama ihifadhi, jibu no. Ukijikata, dakika 10 zikiisha inajiwasha upya na mipangilio ya zamani. Mambo yakienda vizuri, `reload cancel`, halafu `write memory`.

JunosMpole
Na watumiaji wote wa swichi hiyo wanakatika kwa kosa la poti moja. Hiyo ni kuchoma nyumba kuua panya.

fundi_koili
Ndiyo maana kuna `configure terminal revert timer 5` kwa IOS inayoikubali. Unaweka `archive` (nakala za mipangilio) kwanza, unathibitisha kwa `configure confirm`. Inarudisha bila kuzima chochote. Wengi hawaijui tu.

JunosMpole
Hiyo naipokea. Ila ni ya kukumbuka kuiwasha, mkuu. Na siku utakayosahau ndiyo siku utakayoandika `vlan 30` bila `add`.

Bi_Konsoli
Hapo nakubaliana na JunosMpole, ingawa chakula changu kinatoka Huawei. Kwa tawi unalolifikia kwa kupanda mlima, nunua Juniper na UPS. Ile ya hapa Tanga baki na ulichozoea, ukikosea unashuka ngazi tu.

Mzigua_Nyaya
Wakuu, mrejesho. `late collision` zilikuwa elfu nne na ushee. Nimeirudisha rekoda kwenye auto, sasa poti inasoma `a-full a-1000` na picha zimetulia. Nimeweka `description` kwenye poti zote isipokuwa mbili ambazo hakuna anayejua zinakwenda wapi.

Zinazokuja zitakuwa Juniper, EX2300, na UPS nimeiombea fedha kwenye ombi hilo hilo. Zile Catalyst mbili zinabaki hadi zichoke zenyewe. `archive` nimeshaiweka, na mlinzi nimemwonyesha plagi. Nimeizungushia utepe mwekundu.

Bi_Konsoli
Utepe uutoe siku Juniper ikifika.