Tupeane uzoefu: Mliocheza soka la vyuo Marekani, mwanzo wa msimu na timu changa mliuvukaje?

Mleta mada

Wakuu, habari za usiku huu. Mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja huko Ohio, Division I ya NCAA (daraja la juu la chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko), anacheza beki wa kushoto. Msimu wao umeanza mwishoni mwa Agosti na mpaka leo wameshuka dimbani mara nne: wamefungwa tatu, sare moja. Kikosi kina vijana 27, na 14 kati yao ndiyo kwanza wamevaa jezi ya chuo hicho. Jana alinipigia akinong'ona kwa kuwa mwenzake wa chumbani alikuwa amelala, akasema: "Kaka, majina ya wengine bado sijayashika. Kiungo mkabaji namwita namba sita, hageuki."

Hiyo "hageuki" imeninyima usingizi. Mimi mpira wangu uliishia mtaani, sina la kumwambia. Mliopita huko, wazazi wenye vijana huko, makocha, tupeane uzoefu. Kumtia moyo nimeshamtia. Ninachotafuta ni kujua kwenu kilibadilika nini hasa, na kilibadilika lini.

BekiMstaafu

Mkuu, nilicheza beki wa kati Kentucky kuanzia 2016 hadi 2019, na msimu wangu wa kwanza tulikuwa hivyo hivyo. Kwanza piga hesabu. Wanaripoti kambini mwanzoni mwa Agosti, wanajifua wiki mbili hivi, halafu ni mechi juu ya mechi, mara nyingi mbili kwa wiki. Kanuni za NCAA zinaruhusu masaa 20 tu ya shughuli za timu kwa wiki, siku moja lazima wapumzike, na siku ya mechi inahesabiwa masaa matatu hata kama imewala kutwa nzima. Siku inayofuata mechi ni ya kulegeza misuli, ya kabla ya mechi ni mazoezi mepesi. Mazoezi ya kweli yanabaki mara mbili kwa wiki, pengine moja. Kwa hiyo timu changa inajifunzia kwenye mechi zenyewe, mbele za watu, na matokeo yanaandikwa.

Sisi ilitugharimu mechi ya tatu. Usiku, mvua inanyesha, tunaongoza 1-0, dakika za lala salama. Ukapigwa mpira mrefu ukashukia katikati yangu, beki mwenzangu na kipa. Mwenzangu alikuwa Mnorwe, kipa Mmarekani. Nikaona kipa anatoka, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Mwache! Mwache!" Kiswahili. Kilinitoka chenyewe. Mnorwe akasimama kunitazama, kipa akasita akidhani namwita yeye, mshambuliaji wao akapita katikati yetu akaugusa kwa kichwa. Ulidunda mara mbili kwenye maji kabla ya kuvuka mstari. Mpaka leo naiona ile midundo miwili. Enzi hizo mechi za kawaida zilikuwa bado na dakika za nyongeza na goli la dhahabu (vimeondolewa 2022, sasa sare ni sare), tukafungwa humo humo.

Kesho yake kocha alitutoa uwanjani bila mpira. Mabeki wote na kipa, nusu saa nzima, tunatembea na kuitana tu. Tulichagua maneno matano ya Kiingereza, mafupi: la kipa kusema ni wangu, la kuondosha, la una muda, la mtu mgongoni, la kupanda. Na kila neno litanguliwe na jina la unayemwambia. Hatukupona siku hiyo. Mechi ya saba ndiyo tulitoka nyavu zetu hazijatikiswa, na nakumbuka koo lilivyokuwa limenikauka kwa kuita watu. Mdogo wako aanze na jina la huyo namba sita, kesho kabla ya kupasha.

MamaWinga

Wanangu, mimi si mchezaji, ni mzazi. Mechi zao za saa moja jioni kule mashariki mwa Marekani, huku inakuwa saa nane usiku, nami huamka nikaangalia kwenye simu. Mechi ya kwanza mwanangu alitolewa dakika ya 24. Nilizima simu nikakaa kitandani nalia, nikijua ameharibu na kocha amemchoka.

Kumbe sabu za kule si kama za huku. Ukitolewa kipindi cha kwanza hurudi mpaka cha pili, na kipindi cha pili unaweza kutoka na kurudi mara moja. Makocha wanaingiza vijana kwa mafungu ili mbio zisipungue. Asubuhi akanipigia: "Mama, uliiona ile pasi yangu ya goli?" Alikuwa amerudi baada ya mapumziko, na mimi sikuiona. Mleta mada, mwanangu, mdogo wako akitolewa usizime simu.

MsaidiziWaKocha

Nimekuwa kocha msaidizi misimu miwili kwenye chuo cha Division II, Pennsylvania. Namheshimu BekiMstaafu, ila kwangu sauti ni ya pili. Timu changa inakufia kwenye mipira iliyosimama. Mwaka jana magoli tisa ya kwanza tuliyofungwa, sita yalitoka kwenye kona na mipira ya kurusha. Kila mechi tulikuwa tunapanga upya nani amkabe nani kulingana na urefu wa wapinzani, na vijana wa mwaka wa kwanza walikuwa wanatazama ubao kwa macho tu, kichwani hakiingii kitu. Tukaacha. Kila mtu akapewa sehemu moja ya eneo la goli, hiyo hiyo hadi Novemba: wewe ni mwamba wa karibu, wewe ni mstari wa yadi sita, basi. Kijana akijua pa kusimama ndipo anapata nafasi ya kufungua mdomo.

Jambo jingine ni saa ya uwanjani. Kule inahesabu kurudi nyuma, kutoka 45 hadi sifuri, na inasimama goli likifungwa, kadi ikitolewa, mtu akiumia. Dakika za majeruhi hakuna. Sekunde kumi za mwisho mtangazaji anazihesabu kwenye kipaza sauti, na sifuri ikifika king'ora kinalia hata kama mpira uko hewani. Tulikuwa na winga mgeni, mechi yake ya pili, tuko nyuma kwa goli moja. Akapokea mpira pembeni ya boksi, beki mmoja tu mbele yake, akarudisha pasi nyuma ili tujipange. Alidhani refa ataongeza tatu au nne. King'ora kikalia mpira ukiwa bado unarudi. Alisimama pale pale mikono kiunoni, akawa ananiuliza mimi kwa macho. Lile lilikuwa kosa letu makocha, wala si lake, hatukuwa tumemwambia. Tangu hapo mgeni yeyote akifika namsimamisha mbele ya ile saa siku ya kwanza ya mazoezi.

Na mleta mada, usishangae hao 14. Tangu mfumo mpya wa wachezaji kuhama chuo uanze Oktoba 2018, vyuo vingi vinaanza msimu na kikosi kilichobadilika nusu. Kinda anaweza kuwa na miaka 22 na bado akawa mgeni. Septemba mbaya pia haifungi mlango. Mechi za sasa zinaingia kwenye hesabu ya kuchagua timu 48 za mtoano, lakini bingwa wa kanda (kundi la vyuo vyenye ligi yao) anapita moja kwa moja. Chuo cha Vermont, mabingwa wa Desemba 2024, hawakuwemo hata kwenye timu 16 zilizopewa nafasi za juu.

KipaWaPili

Langu ni fupi na linaniuma bado. Nilikuwa kipa wa akiba, mwaka wa kwanza, chuo sikitaji. Mechi ya tano tuko nyuma 4-0, zimebaki dakika sita, kocha akaniita niingie. Nilifurahi mno. Niligusa mpira mara mbili, zote pasi za kurudishiwa.

Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba enzi zetu ulikuwa na misimu minne tu ya kucheza ndani ya miaka mitano, na kwamba dakika hizo sita zilikula msimu mzima. Ningekaa benchi hadi mwisho ningebaki na minne kamili. Nilikuja kujua Februari. Kama mdogo wako anacheza kila mechi, hili halimhusu. Lakini wapo wenzake kwenye hao 14 wanaokaa benchi, na kila chuo kina ofisa wa kusimamia kanuni za NCAA. Waende wakamuulize wenyewe wiki hii, kabla hawajaitwa. Wasingoje kuelezwa na kocha ambaye ana mechi Jumanne.

BekiMstaafu

Pole sana KipaWaPili. Hata mimi hilo nililijua nikiwa mwaka wa tatu.

MsaidiziWaKocha, kwenye kona nakuunga mkono. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo ila sikuwahi kuliona kwa jicho la benchi.

Mleta mada

Nimerudi wakuu, asanteni sana, na Mama nimekuelewa. Nilimtumia yote mliyoandika kama yalivyo. Namba sita anatoka Brazil. Jina lake silitaji hapa, lakini mdogo wangu sasa analijua na ameniambia linavyotamkwa, silabi ya mwisho ndiyo inavutwa. Kumbe naye alikuwa anamwita mdogo wangu "tatu".

Jana niliamka saa nane nikaangalia. Sare 1-1. Goli walilofungwa lilikuwa la kona, kama alivyosema MsaidiziWaKocha, vijana wawili walimfuata mtu mmoja. Mdogo wangu alitolewa dakika ya 31, sikuzima simu, akarudi kipindi cha pili. Dakika ya 70 na ushee winga wao alikuwa anamjia mbio, mdogo wangu akafungua mdomo akaita. Sauti haikufika kwenye simu, niliona kinywa tu. Kiungo akageuka, akashuka mara moja akafunga njia ya ndani, winga akakosa pa kwenda, mpira ukatoka nje ukawa wa kurusha.

Ijumaa wana mechi yao ya kwanza ya kanda, ugenini, basi masaa matano. KipaWaPili, ile habari ya ofisa wa kanuni wamekwenda watatu pamoja leo asubuhi. Mmoja alikuwa apangwe benchi Ijumaa na hakuwa amejua lolote.