Watoto na Wajukuu wa Bibi

JUMATANO

19:02 Rehema: Salaam ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Nasema mapema asije mtu akadai hakuona. Jumamosi kwa Bibi tunapika bila nyama, samaki, mayai wala maziwa. Jungu moja, watu wote. Kuanzia hapo siku 30, kila mtu nyumbani kwake. Anayekubali aandike jina:
1. Rehema
2.

19:05 Rehema: Sababu mnaijua. Zawadi alianza kula vegani, yaani bila chochote cha mnyama, mara mbili, na mara mbili sisi ndio tuliomwangusha. Hii ya tatu ameingia mwaka wa tatu, na ameweza kwa sababu hali nasi. Anakuja kwa Bibi ameshakula kwake, anakaa na glasi ya maji kama mgeni. Mimi linaniuma.

19:40 Baraka: 1. Rehema
2. Mbuzi wa jirani (anaunga mkono kwa moyo wote)

19:41 Musa: 😂😂😂

19:41 Musa: 3. Kuku wote wa Bibi

19:43 Rehema: Sitanii. Ondoeni hayo, orodha inaharibika.

20:15 Shangazi Asha: Rehema mwanangu, siku 30 ni nyingi. Mimi nikikosa maziwa kwenye chai kichwa kinanigonga hadi jioni.

20:18 Rehema: Basi Shangazi anza na siku mbili kwa wiki, ukizoea unaongeza. Kosa la Zawadi mara ya kwanza ni kwamba aliondoa nyama asiweke kitu mahali pake. Wanga na majani, basi. Saa tano asubuhi anatetemeka. Weka dengu, maharage, choroko, karanga. Dengu zilizopikwa, gramu 100 tu zina protini kama gramu 9. Na pika nyingi mara moja ugandishe, maana siku uliyochoka ndiyo siku unayorudi kwenye nyama. Jina nakuandikia?

20:55 Zawadi: Da Rehema asante, ila msigombane kwa ajili yangu. Mimi nimezoea. Kinachonisumbua ni vidole vya miguu tu, vinakufa ganzi, wiki ya tatu sasa. Nadhani ni viatu.

20:57 Baraka: Haya mambo ya vegani si yameletwa juzi juzi na intaneti?

20:59 Musa: Juzi gani? Chama chao, Vegan Society, kilianzishwa Uingereza 1944. Neno lenyewe walilikata kwenye "vegetarian", wakachukua mwanzo na mwisho wake. Na zamani kabisa huko Ulaya kuacha nyama kuliitwa kula kwa Pythagoras.

21:00 Baraka: Pythagoras wa pembetatu?? Ndiyo maana hesabu zilinishinda, nilikula nyama 😂😂

21:00 Musa: 😂😂 mraba wa mchicha jumlisha mraba wa dengu

21:02 Rehema: Majina jamani. Watu 17 humu, jina ni moja.

21:30 Rehema: Nawaona mnasoma.

ALHAMISI

06:48 Salma: Nimetoka zamu ya usiku ndiyo nafungua simu. Zawadi amesema miguu inakufa ganzi, ninyi mkajibu pembetatu?

06:49 Salma: Zawadi, ganzi ya wiki tatu si viatu. Unameza vidonge vya vitamini B12?

07:31 Zawadi: Vilikwisha mwaka jana da Salma, sikununua tena. Nilisikia mwani na uyoga vinatosha.

07:40 Salma: Havitoshi. B12 hutengenezwa na bakteria, mmea hauna ya kutegemea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini hizo mbili na pointi lazima zitoke mahali: vidonge, au chakula kilichoongezewa. Ini linatunza akiba inayoweza kufika miaka, ndiyo maana ulipoacha hukusikia kitu. Ikikatika inagusa mishipa ya fahamu. Ganzi, kusahau, kupepesuka. Ikichelewa haitibiki yote.

07:42 Salma: Ukapimwe B12 yenyewe, usikubali kupimwa wingi wa damu peke yake. Majani na maharage yana foleti nyingi, nayo ni vitamini ya B nyingine, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zinaharibika. Na usikimbilie vidonge leo, kipimo kitatoka kizuri cha uongo. Pima kwanza.

07:44 Salma: Mjomba Hamisi, najua unasoma. Metformini, hiyo dawa ya kisukari, ukiitumia miaka mingi nayo hushusha B12, hata kwa mla nyama. Dawa usiache. Mwambie daktari akupime.

08:10 Baraka: Kumbe hata nyama haimwokoi mjomba 😂 Rehema ameshinda

08:25 Shangazi Asha: Mnaona? Nilisema tangu mwanzo, mtoto atadhoofika kwa majani. Angekula kama watu wengine haya yangemkuta?

08:27 Salma: Shangazi, kwa heshima yako, haumwi kwa majani. Alikosa kidonge kimoja, na humu hakuna aliyemuuliza.

08:33 Shangazi Asha: Ndiyo maana Rehema mwaka ule akamwekea supu ya nyama kwenye maharage yake. Alimwonea huruma.

08:35 Zawadi: Shangazi naomba tusirudi kwenye sufuria ya kijani.

08:36 Rehema: Turudi. Miaka sita mnanitajia sufuria ya kijani. Niliulizwa mara mbili nikajibu ni maharage matupu, kwa sababu nilijua ni maharage matupu!

08:38 Musa: Dada, jikoni si ulikuwa wewe

08:39 Rehema: Ujumbe huu umefutwa

08:39 Rehema: Ujumbe huu umefutwa

11:20 Idi: Shikamooni. Niko kwa Bibi, nimemsomea yote toka jana. Anasema niandike maneno yake kama yalivyo.

11:27 Idi: "Ile supu niliitia mimi. Rehema alikuwa ametoka kupokea watu, nikafunua sufuria nikamimina vijiko viwili vikubwa. Mtoto alikuwa amekonda, nikaogopa. Nikaona nampa nguvu. Mlipomgeukia Rehema nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza. Rehema, ulibeba mzigo wangu."

11:31 Idi: "Zawadi, nilikutilia mkono kwenye chakula chako. Mtu akikuambia hiki sili, amekupa neno lake ulitunze. Sikulitunza. Nisamehe."

11:33 Idi: "Orodha ya majina siitaki, mtu hahesabiwi tumbo. Jungu la Zawadi litakuwa lake na mwiko wake, asiugeuze mtu kwenye jungu lingine, nikiwemo mimi. Mimi Jumamosi nitakula kwenye lake. Ila kabla ya jungu, kesho aende akapimwe."

13:05 Idi: Bibi anauliza mbona kimya.

13:06 Musa: Tumesikia Bibi.

13:20 Shangazi Asha: 🙏🏽

14:12 Zawadi: Shikamoo Bibi. Nimesoma nikiwa kazini nikaenda kukaa nje kidogo. Hukunichukia, najua. Nitakuja Jumamosi, na safari hii sitakula kwangu kwanza.

16:50 Rehema: Nimesikia Bibi. Ahsante. Nitakuja kukuona jioni, si kwa simu.

IJUMAA

05:30 Rehema: Asubuhi njema. Orodha imefutwa kama Bibi alivyosema. Sasa mapishi. Dengu na choroko ni mimi. Musa maharage mekundu. Loweka leo usiku, maji yale mwaga, kisha yachemke kwa moto mkali dakika 10 kamili kabla hujapunguza. Usianze na moto mdogo, yale mabichi ndani yana sumu, watu watatapika wamlaumu Zawadi. Na jungu la nyama nani anapika? Maana yatakuwa mawili sasa. Au moja? Bibi amesema atakula kwa Zawadi, hakusema wengine.

05:33 Rehema: Mje na malimau na machungwa. Chuma ya kwenye nafaka na kunde hupokelewa vizuri ikiambatana na vitamini C. Chai tutakunywa saa nzima baada ya kula, chai huizuia.

06:10 Shangazi Asha: Saa nzima??

06:55 Salma: Nani anampeleka Zawadi hospitali leo? Mimi natoka zamu saa mbili, siwezi kurudi mjini.

07:20 Musa: Gari langu bado lipo kwa fundi.

07:48 Baraka: Nampeleka mimi. Ila baada ya saa nne. Zawadi pole kwa ya juzi, sikuisoma vizuri ile ya miguu.

07:50 Zawadi: Saa nne wanakuwa wameshafunga kuchukua damu. Nitaona, labda nitatangulia peke yangu.

07:51 Salma: Usitangulie peke yako kama unapepesuka.

07:51 Salma: Unapepesuka?

08:30 Rehema: Zawadi mjibu Salma.

08:41 Rehema: Sufuria kubwa ipo kwa Mjomba Hamisi tangu harusi. Mjomba, naiomba leo kabla ya magharibi.

12:16 Mjomba Hamisi: Nimeona.

12:17 Rehema: Umeona lipi Mjomba, sufuria au B12?