MJADALA: Mdomo wa hewa mbele ya injini, faida au mbwembwe?

Bawa Moja: Wakuu, ndege yangu ya kujiundia inavuta hewa humohumo ndani ya kava la injini. Nataka kutoboa mdomo mbele, nyuma ya propela, kasi ya ndege yenyewe isukume hewa ndani. Nitaweka na kilango cha kuruka filta, hewa iingie bila kuchujwa nikishapanda juu. Nasikia nguvu inaongezeka asilimia 10. Kweli?

Kipanga: Hiyo 10 umeuziwa, mkuu. Kwa kilomita 280 kwa saa, usawa wa bahari, msukumo wote wa upepo ni milibari 37 juu ya zile 1,013 za shinikizo la kawaida la hewa. Hata usipopoteza chochote njiani, ni asilimia 3 na nusu hivi. Kwa 160 ni milibari 12 tu. Jaribu, filta waachie waoga.

Mama Ribiti: Waoga? Umewahi kufungua silinda iliyokula vumbi wewe? Ringi zimelika, injini inakunywa oili, mwenyewe anashangaa.

Kipanga: Dada, kilango kinafunguliwa angani na kufungwa kabla ya kutua. Soma kwanza.

Mama Ribiti: Dada yako yuko kwenu. Kilango kinazibwa na nini? Sponji ikichakaa unavuta vumbi ungali chini, na wenzo unakuonyesha umefunga. Pitisha kidole ndani ya mfereji, upande wa baada ya filta. Kikitoka na unga, usibishane na mimi.

Zebaki: Mnagombea filta na injini hamjaiuliza. Kama ni injini ya Rotax 912 yenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, vimirija vya kupumulia bakuli la petroli la kabureta lazima visome shinikizo lilelile la kisanduku cha hewa. Ukisukuma hewa kwenye kabureta, bakuli likabaki linasoma hewa ya nje, petroli inapungua kwenye mchanganyiko.

Bawa Moja: Sijasema ni Rotax.

Zebaki: Hujasema ni nini, ndiyo maana.

Kipanga: Sasa mimi ndiye muuaji wa injini? Hewa ya ndani ya kava ikizidi ya nje kwa digrii 10 tu, uzito wake umeshuka asilimia 3 na ushee. Avute hewa baridi ya nje, hata filta ikibaki atafaidika.

Mama Ribiti: Ikibaki! Si ya waoga tena?

Kipanga: Usinikamatie neno moja.

Seremala: Na barafu inayoganda ndani ya kabureta je? Njia ya hewa moto ya kuiyeyusha msiizibe.

Bawa Moja: Jamani, mdomo niuweke kulia au kushoto?